Hongera ya Uzazi kwa Nesi Tusekile

Tusekile Mwakalobo alikuwa mwanamke mnene wa miaka thelathini na tisa, na kicheko chake kilijulikana wodi nzima ya wazazi kule Tukuyu. Jina lenyewe kwa Kinyakyusa maana yake ni "tumecheka". Wenzake walisema baba yake alikuwa ameona mbali.

Mwaka 1999 tangazo lilisomwa kanisani. Chama kidogo cha manesi, Mikono Jirani, kilitafuta wakunga wa kujitolea kwenda Cyangugu, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Vituo vya afya vya huko vilibaki bila watu tangu mwaka wa mauaji ya kimbari. Waganga wengine waliuawa, wengine walikimbilia Kongo, na sasa Kongo kwenyewe kulikuwa kunawaka. Tusekile aliinua mkono kabla msomaji hajafika mwisho wa tangazo.

"Umerogwa?" kaka yake alimwuliza. "Watu wanakimbia kutoka huko, wewe unakimbilia huko?"

"Kwani wanaokimbia hawazai?"

Kilichompa moyo zaidi ni lugha. "Kule wanasema Kiswahili," aliambiwa na kila mtu ambaye hakuwahi kufika.

Alipofika Kamembe, mji wa Cyangugu, alipokewa na Maman Shimwa, mke wa fundi cherehani, katika nyumba ya Waislamu karibu na soko. Baba mkwe wa Maman Shimwa alikuwa ameketi uani na kikombe cha chai. Tusekile akapiga goti kama alivyolelewa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru.

"Nishike nini, mwana yangu?"

Maman Shimwa alicheka mpaka akashikilia mlango. "Mzee, anakusalimia! Na weye, Dada, unasema Swahili kama radio. Yetu hapa tunachanganya na Kifaransa, na Kinyarwanda, na ile ya Bukavu. Usiogope, utazoea. Kaa, kunywa chai."

Ng'ambo ya ziwa mapaa ya Bukavu, upande wa Kongo, yalionekana wazi. Huko ndiko vita vilikokuwa, na siku nyingine sauti za bunduki zilivuka maji. Hata hivyo asubuhi wanawake walipanga foleni kwenye daraja la mpakani na vikapu vya nyanya kichwani, wakigombana kuhusu nani amefika kwanza. Tusekile aliwatazama akajiambia kuwa mahali hapa ataishi vizuri.

Kumbe hakupangiwa Kamembe. Alipangiwa Bweyeye.

Bweyeye iko ubavuni mwa msitu wa Nyungwe, na wakati wa mvua hakuna gari linaloifikia. Tusekile alikwenda kwa miguu, masanduku yake ya dawa yakiwa vichwani mwa watu. Alikuta kituo chenye vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalia, na safu ya akina mama kwenye benchi waliomtazama kwa matumaini makubwa. Hakuna hata mmoja aliyejua Kiswahili.

Uzazi wa kwanza aliousimamia huko nusura uwe vita. Mama alikuwa akilia kwa uchungu, na bibi mmoja alisimama kichwani pake akimfokea, "Komera! Komera!" Tusekile alisikia "koma". Akamshika bibi yule begani, akamtoa nje, akamfungia mlango. Mtoto alizaliwa salama, lakini kijiji kizima kilikuwa kimejaa uani, kikidai maelezo.

Aliyeyatoa alikuwa Ladislas, mwanamume mrefu mwenye masharubu, mkuu wa wabebaji wa ingobyi. Ingobyi ni machela ya kusukwa kwa vipande vya mianzi. Kila mlima ulikuwa na yake, na wanaume wa mlima huo walikuwa na zamu ya kubeba wagonjwa begani. Ladislas alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye bandari ya Bukavu, kwa hiyo Kiswahili alikijua.

"Muganga," alisema kwa upole, "komera ni 'kuwa na nguvu'. Si koma. Ule bibi ndiye mama ya muke. Alikuwa anamusaidia, weye umemufukuza."

Kicheko kikamtoka Tusekile, kikubwa mno hata kuku walikimbia. Alimfuata bibi, akampigia magoti kwenye tope. Bibi akamwinua na kumkumbatia, akamwambia jambo refu.

"Anasema nini?"

"Anasema weye ni muntu muzito, amka mbele ya magoti kukwama."

Tangu siku hiyo Ladislas akawa mkalimani wake.

Si kila siku ilikuwa ya kucheka. Mvua ya Bweyeye haikujua kuaga. Barua za nyumbani zilichelewa hadi zikawa habari za zamani. Akina mama waliokuja kliniki walikuwa na makovu ambayo hakuthubutu kuyaulizia, na wengine walipoulizwa jina la ndugu wa karibu walitikisa kichwa, kwa kuwa hawakuwa na wa kumtaja. Kisha, mwezi wa Aprili, msichana mmoja aliletwa akiwa amekaa na uchungu nyumbani muda mrefu mno. Tusekile alifanya yote aliyoyajua. Hakuokoa mtu, si mama, si mtoto.

Baada ya mazishi alifunga begi lake. Alikuwa ameketi juu yake, ameiacha zipu nusu, Ladislas alipoingia na wanaume wengine saba. Walikuwa wamevua kofia.

"Tumezungumuza," Ladislas alisema. "Tumechoka kubeba bantu wa kuzika. Ingobyi ilikuwa inangoja mpaka waje kutuita, na banatuita wakati imekwisha haribika. Sasa hapana. Mama akianza uchungu, sisi tunakuya kuketi kwenye mulango yake. Weye ukisema 'twende', tunaenda, mvua, jua, yote sawa. Lakini kama weye unaenda kwenu, nani atatuambia 'twende'?"

Tusekile alitazama viatu vyao, vingine vikiwa vimefungwa kwa kamba za migomba. Akafungua begi, akatoa kanga yake ya kulalia na kuitundika mahali pake.

Mwezi uliofuata uchungu ulimshika Mukamana, mke wa mkulima aliyeitwa Vénuste. Ilikuwa mimba yake ya tatu, na tumbo lilikuwa kubwa ajabu. Wanaume waliketi mlangoni kama walivyoahidi, wakatafuna mahindi ya kuchoma. Uchungu ulikuja, ukapungua, ukaja, ukapungua tena. Chupa haikupasuka na mtoto alibaki juu. Siku ya pili asubuhi Tusekile alitoka nje akasema neno moja.

"Twende."

Safari ilikuwa ya kuteremka kuelekea Nyakabuye, ambako malori ya mpunga yalipita yakielekea Kamembe kwenye hospitali. Wanaume wanne walibeba, wanne wakasubiri zamu, Vénuste akitembea pembeni ameshika mkono wa mkewe. Tusekile alifuata nyuma na mkoba wake wa kuzalishia mgongoni na mwavuli mwekundu mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa bidii.

Kwenye mteremko mmoja, juu kabisa ya shamba la viazi vitamu, mguu wake wa kulia uliteleza.

Walioona walisimulia kwa miaka. Nesi aliketi ghafla, kana kwamba amevutiwa kiti, akaanza safari. Aliteleza kwa makalio, mwavuli ukiwa wazi juu yake, akipita tuta baada ya tuta, na kwa kila tuta akatoa sauti fupi: "Hii! Hii! Hii!" Alimpita mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Mbuzi aligeuza shingo kumtazama. Mwisho aligonga kigogo cha mgomba, akakwama hapo, na mwavuli ukamfunika kichwa.

Wanaume walisimama na ingobyi mabegani, hawajui kama wacheke au wamlilie.

Halafu sauti nyembamba ilitoka ndani ya ingobyi. Mukamana, ambaye tangu jana alikuwa hana nguvu hata ya kulia, alikuwa ameinua kichwa, ameona yote, na alikuwa anacheka. Alicheka kwa kukoroma, akashika tumbo, akajaribu kunyamaza kwa heshima, akashindwa, akacheka tena mpaka ingobyi ikatikisika na wabebaji wakayumba.

"Mukamana!" Vénuste alimkemea.

Ndipo Mukamana aliponyamaza ghafla. Macho yakamtoka. Maji yakamwagika kupitia mianzi, juu ya bega la Ladislas.

"Muganga!" Ladislas alipiga kelele kutoka juu. "Chupa imepasuka! Kuya mbio!"

"Siwezi mbio!" Tusekile alijibu kutoka chini. Alikuwa amejaribu kusimama, na maumivu ya kifundo cha mguu yalikuwa yamemrudisha kwenye tope. "Mguu umevunjika! Mleteni yeye huku, au mnilete mimi huko!"

Wanaume wanne walimteremkia. Walimvuta, walimsukuma, wakamsifu Mungu kwa ukubwa wa kazi zake, na kumfikisha juu kwa mikono na magoti. Walikuwa wameshaitua ingobyi chini ya mti. Wanaume wote wanane wakageuka migongo na kunyanyua blanketi liwe pazia. Vénuste alipewa mwavuli.

"Komera, Mukamana!" Tusekile alisema, na safari hii alijua anachosema. "Komera, dada yangu! Sukuma!"

Mtoto wa kike alitoka kwa haraka, mweupe wa utando, akalia kabla hajakaushwa. Nyuma ya blanketi migongo minane ilitikisika kwa furaha. Tusekile alimpa mama yake, akaweka mkono tumboni ili kungoja kondo la nyuma, na mkono wake ukapigwa teke.

Akaganda. Akagusa tena.

"Ladislas," alisema polepole, "mwambie Vénuste ashike mwavuli vizuri. Kuna mwingine humu."

Vénuste aliposikia aliuachia mwavuli, ukapeperuka kuteremka shambani, na mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa mvua ikimpiga usoni. Alikuwa mdogo kama sungura. Hakulia mara moja. Tusekile alimsugua, akampuliza, akamsemesha Kinyakyusa na Kiswahili na maneno yote sita ya Kinyarwanda aliyokuwa nayo, mpaka mtoto akakunja uso na kutoa mlio wa hasira. Hapo Tusekile naye akalia machozi, akacheka, akalia tena, na hakuna aliyejua usoni pake mvua iliishia wapi na machozi yakaanzia wapi.

Mama alikuwa salama. Damu ilikuwa ya kiasi. Lakini mtoto wa kiume alikuwa wa baridi, na nguo zote zilikuwa zimelowa. Mukamana alikuwa na binti kifuani tayari, anatetemeka. Tusekile alifungua vifungo vya gauni lake, akamweka mvulana katikati ya matiti yake makubwa, ngozi kwa ngozi, akafunga kitenge juu.

"Huyu atakaa hapa mpaka tufike," alisema. "Tatizo moja tu. Mimi siwezi kutembea."

Wanaume walimtazama kuanzia kichwa hadi miguu, kisha wakatazamana. Ladislas akamtuma mmoja mlima wa jirani kuomba ingobyi nyingine na mabega mengine.

"Leta ba nguvu," aliongeza.

Basi ndivyo msafara ulivyoendelea: ingobyi ya mbele imembeba Mukamana na binti yake, ya nyuma imembeba Tusekile na mvulana. Mvua ilikatika, wabebaji wakaanza kuimba. Watu wa mlima wa kwanza walitoka majumbani. Waliona ingobyi mbili, wanawake wawili, vichwa viwili vidogo vikichungulia kwenye vitenge. Wakapiga vigelegele.

"Wonkwe!" waliita. Ndiyo hongera ya uzazi. "Wonkwe!"

Mukamana alipewa uji wa mtama. Tusekile naye akapewa, kibuyu kizima. Bibi mmoja alimpapasa shavu kwa huruma, akamwambia kitu.

"Anasema umechelewa kuzala, lakini Mungu hasahau," Ladislas alitafsiri.

"Mwambie si wangu! Mwambie mimi ni nesi!"

Ladislas alimgeukia bibi na kusema sentensi ndefu. Bibi akafurahi zaidi, akaita majirani. Wabebaji wakaletewa pombe ya ndizi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia una haya, sababu ni mutoto wa kwanza."

"Ladislas!"

"Muganga, weye ni muzito. Bantu hawa banabeba tangu asubuhi. Tukibeba nesi, hatupewi pombe. Mama wa mutoto, tunapewa."

Tusekile alijaribu kukasirika. Alijaribu kweli. Lakini mtoto alikuwa anapumua juu ya moyo wake, uji ulikuwa wa moto, na mlima wa pili ulikuwa tayari umesikia habari na umepanga wanawake njiani. Mlima wa tatu walileta maziwa. Wa nne walileta kuku hai, akafungwa miguu na kuwekwa miguuni pake. Alipofika huko alikuwa ameacha kubisha. Aliinua mkono kama bibi harusi na kuitikia kila hongera. Jambo moja hakulisema kwa mtu: alipopanda ndani ya ingobyi alikuwa mwanamke aliyezalisha watoto wa watu kwa miaka kumi na mitano bila kuitwa mama na yeyote, na kusikia vigelegele vile vikielekezwa kwake kulimfanya ahisi mwepesi, mwepesi kabisa, ingawa waliombeba wasingekubali.

Dereva wa lori la mpunga aliwapandisha wote juu ya magunia. Hospitalini mguu wa Tusekile ulifungwa plasta. Mashine ya kuwapasha joto watoto njiti ilikuwa imeharibika, kwa hiyo daktari alitazama alivyokuwa akilala yule mvulana akasema, "Usimtoe hapo." Tusekile akahamishiwa kitanda cha jirani na Mukamana. Kila alipohitaji kunyonya, mvulana alipitishwa kwa mama yake, akishiba akarudishwa mahali pake penye joto.

Habari hazina plasta mguuni. Zilifika sokoni Kamembe kabla ya jioni, zikavuka daraja hadi Bukavu, zikapanda basi la Kigali. Siku ya tatu Bwana Munyemana, mratibu wa Mikono Jirani, aliingia wodini akiwa amevaa tai. Alikuwa mtu wa taratibu. Uso wake ulikuwa wa kukagua, ila kwapani alikuwa na kifurushi cha sabuni na sukari, kwa sababu hata mtu wa taratibu haendi kumwona mzazi mikono mitupu.

"Dada Tusekile," alianza, akatazama kichwa kidogo kwenye kifua chake, akakohoa. "Mkataba wa kujitolea… unasema wazi… Kwanza, pole. Yaani, hongera. Lakini ungetuambia mapema."

"Bwana Munyemana, mtoto si wangu."

"Ninaelewa una hofu."

"Si wangu!"

"Baba yake yuko wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Ladislas akaingia, masharubu yamechanwa vizuri, mkononi kuku.

"Muganga! Nimekuletea kuku ya supu, ya kukupa maziwa!"

Bwana Munyemana alimtazama Ladislas. Akamtazama mtoto. Polepole akaketi kwenye kitanda kitupu na kufuta jasho. Tusekile alikuwa amekwisha potea kwa kicheko, analia, anashika kitanda ili mtoto asitikisike. Ni Mukamana aliyemaliza kesi. Aliteremka, akaenda kumchukua mvulana kwenye kitenge, akamweka titi la kushoto, binti akiwa tayari kwenye la kulia, akamwambia mratibu kwa Kinyarwanda safi kwamba hawa wote wawili wametoka tumboni mwake, mvua ikinyesha, na kama anataka ushahidi akaulize wanaume wanane waliogeuka migongo.

Bwana Munyemana alilegeza tai. Alianza kwa kutabasamu, kisha mabega yakatikisika, kisha akacheka hadi wauguzi wakaja kuona nani amezidiwa.

Siku mtoto alipotimiza uzito, daktari alisema sasa anaweza kukaa na mama yake moja kwa moja. Tusekile alimfungua kitenge mwenyewe. Alimnusa utosini, akampitisha kwa Mukamana, na kwa muda mrefu alibaki ameweka kiganja kifuani, mahali palipokuwa na joto. Mukamana aliona. Hakuwa na lugha ya kumwambia chochote, kwa hiyo alivuta kiti, akaketi karibu yake hadi chakula kilipoletwa, magoti yao yakigusana.

Karamu ya kuwapa watoto majina ilifanyika uani kwa Maman Shimwa, kwa kuwa Tusekile asingeweza kupanda milima bado. Watu wa Bweyeye walishuka kwa miguu. Mume wa Maman Shimwa alikuwa ameshona magauni mawili madogo kwa vipande vya vitambaa vya wateja. Mzee wa chai aliketi mahali pake. Vénuste alisimama, akampa binti jina la marehemu mama yake mwenyewe, aliyeuawa, na watu wakainamisha vichwa. Kisha akamgeukia Tusekile, akasema kwamba jina la mvulana ni lake kutoa.

"Subilaga," Tusekile alisema. "Kwetu maana yake ni tumaini."

"Su-bi-ra-ga," uani kote walijaribu. Ngoma zikaanza. Tusekile akaomba mikono miwili imwinue, akacheza kwa mguu mmoja, plasta ikiwa mbele kama mkonga, na Maman Shimwa akampigia makofi akisema, "Angalia radio inacheza!"

Wiki iliyofuata Bwana Munyemana alimpa nafasi ya kurudi nyumbani kwa heshima zote. Mguu ulikuwa sababu ya kutosha. Tusekile aliomba kwanza apige simu kutoka posta. Kaka yake alipokea kule Tukuyu, sauti ikija na kuondoka.

"Wameniambia umeumia! Unarudi lini?"

"Sijui, kaka. Hapa kazi ni nyingi."

"Kazi gani wakati huwezi kutembea?"

Tusekile alitazama kupitia dirishani. Ladislas na wenzake walikuwa wameketi kwenye ngazi za posta, wakigombana nani atakuwa bega la mbele.

"Nitabebwa," alisema, na simu ikakatika.